Tupeane uzoefu: nakala za kujiendesha za mafaili ya Excel zilikuokoa wapi, zilikuangusha wapi?

Mtunza Hazina

Wakuu, habari za jioni.

Ni mtunza hazina wa kikoba chetu huku Mbagala, mwaka wa nne sasa. Wanachama 28. Hisa za kila Jumamosi, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, vyote vimo kwenye faili moja la Excel. Mwaka juzi, ikiwa imebaki wiki moja tuvunje kikoba tugawane, nilitaka kupanga majina kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake. Excel ikaniuliza kama nijumuishe na safu za pembeni, nami kwa haraka nikabonyeza iendelee na nilichochagua, maana kulikuwa na mama amesimama anasubiri salio lake. Majina yakajipanga, namba zikabaki pale pale zilipokuwa. Aliyekuwa na hisa 60 akabeba hisa 140 za mwenzake. Nikasevu, nikafunga, nikaenda kulala.

Jumatano mwanachama mmoja ananipigia: "Kaka, hii meseji ya salio uliyonitumia ni yangu mimi kweli?" Hapo ndipo damu iliponishuka. Faili lilishafungwa siku nyingi, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya miezi mitano nyuma, kwa sababu nilikuwa nakopi nikikumbuka.

Tulikaa usiku mbili mimi na katibu na vitabu vya wanachama mezani. Yeye anasoma mihuri ya hisa, mimi naandika upya. Haikupotea hata shilingi. Lakini siku ya mgao bibi mmoja aliyeanza na kikoba tangu siku ya kwanza aliniuliza taratibu, "Mwanangu, una uhakika hii yangu imekamilika?" Hajawahi kuniuliza hivyo kabla. Hilo liliniuma kuliko zile usiku mbili.

Fundi wangu alianza na ile ya Excel yenyewe: unaenda "Save As", kwenye "Tools" unachagua "General Options", halafu unatia tiki "Always create backup". Tangu hapo kila ukisevu, lile la kabla yake linabaki kwenye folda hiyo hiyo kama faili lenye kiishio cha xlk. Ni nzuri, ila inakumbuka hatua moja tu. Ukisevu mara mbili baada ya kukosea, kosa limeshaingia kwenye yote mawili. Mimi jioni moja nasevu mara ishirini.

Kilichonifaa ni makro fupi, yaani maagizo ambayo Excel inayafuata yenyewe. Unabonyeza Alt+F11, unaiandika kwenye "ThisWorkbook":

Private Sub Workbook_Open()
ThisWorkbook.SaveCopyAs "D:\Nakala\Kikoba_" & Format(Now, "yyyy-mm-dd_hh-nn") & ".xlsm"
End Sub

Wengi huiweka ifanye kazi wakati wa kufunga. Mimi naitaka wakati wa kufungua, ili nakala ichukuliwe kabla mkono wangu haujagusa kitu. Lile "nn" ni dakika, msiandike "mm" pale mwisho mkidhani ni kosa la uchapaji. Folda ya Nakala uitengeneze kwanza, la sivyo itagoma. Na faili lenyewe lisevu kama xlsm, maana xlsx haibebi makro.

Sasa nyie. Umeweka kitu gani kinachojiendesha chenyewe, na siku ya siku kilikushika mkono au kilikuacha? Nataka lililokutokea wewe, si la kusikia.

Hesabu Mwanza

Asante kwa kufungua hili, mkuu. La kwangu ni la kuangushwa.

Natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Niliandika amri ya robocopy, ile ya Windows ya kukopi mafolda, kwenye faili la bat, inakopi D:\Hesabu kwenda diski ya nje, nikaikabidhi kwa "Task Scheduler" iiendeshe kila siku saa moja jioni, yaani 19:00. Wiki tatu za mwanzo nikawa naangalia, inafanya kazi. Nikaridhika, nikaacha kuangalia.

Ukaja msimu wa umeme kukatika jioni. Laptopu inaendelea kwa betri, mimi naendelea na kazi, sina wasiwasi. Tarehe 18, siku mbili kabla ya ritani ya VAT, diski ya ndani ikafa. Ikawa inagonga tu, tk, tk, tk. Nikachukua diski ya nje kwa mbwembwe zote. Nakala ya mwisho ina siku 17.

Sababu yake nataka kila mwenye laptopu aisikie. Kwenye kazi uliyoiweka "Task Scheduler" kuna ukurasa unaitwa "Conditions". Humo kuna kisanduku kilichotiwa tiki tangu mwanzo: kazi ianze tu kama kompyuta iko kwenye umeme. Kwa hiyo kila jioni umeme ukiwa haupo, kazi haianzi, na hakuna anayekuambia. Ondoa hiyo tiki. Kisha nenda ukurasa wa "Settings" utie tiki kile kinachosema kazi iliyokosa saa yake iendeshwe mapema iwezekanavyo. Hivi viwili tu ndivyo vilivyonigharimu.

Mauzo niliyapata kwenye ripoti za Z, yaani jumla ya mauzo ya kila siku, za mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, nilikuwa nazibana kwenye klipu kwa tarehe. Manunuzi nikazunguka kwa wasambazaji kuomba nakala za risiti. Ila madeni ya mafundi, wale wanaochukua saruji na nondo kwa ahadi, yalikuwa kwenye Excel tu. Wengine walikuja wenyewe kusema "nadaiwa kiasi fulani", Mungu awabariki. Wengine sijawaona hadi leo.

Kingine: msitumie /MIR kwenye robocopy kama hamuielewi vizuri. Inafanya upande wa nakala ufanane kabisa na upande wa asili, hivyo ukifuta faili huku, na kule linafutwa. Mimi natumia /E, inayokopi na folda za ndani bila kufuta kitu kule, na kila siku inaingia kwenye folda yenye tarehe yake. Tena diski ya nje niliipa herufi N kwenye "Disk Management", maana kabla ya hapo ukichomeka flashi kwanza, diski inageuka kutoka E kuwa F na amri inatafuta mahali pasipo na kitu.

Mwalimu wa Taaluma

Poleni ndugu zangu. Shuleni kwetu alama zote zilikuwa zinazunguka kwa flashi moja, kutoka kwa mwalimu wa somo hadi kwangu. Siku moja naichomeka, folda zote zimekuwa shotikati. Kirusi kilikuwa kimeficha mafaili halisi. Kijana wa steshenari alinionyesha amri ya attrib ya kuyafichua, nikayapata yote, lakini kidato cha pili walisubiri ripoti zao siku nzima na wazazi wako nje.

Baada ya hapo nikaweka programu ya Google Drive kwenye kompyuta ya ofisi. Akaunti ya bure inatoa GB 15, na mafaili ya alama hata yakiwa ya miaka kumi hayafiki huko. Ilituokoa mara moja sawasawa: mwalimu mwenzangu alibandika alama za Jiografia juu ya Historia, akasevu. Nikaingia Drive kwenye kivinjari, nikabofya faili, nikafungua matoleo ya nyuma, nikashusha la asubuhi. Dakika tano.

Lakini nawaomba msiite hiyo bakapu na kuishia hapo. Muhula uliofuata mtu alifuta folda nzima ya mwaka akidhani anapunguza uchafu kwenye kompyuta ya ofisi. Ikafutika na mtandaoni, ikafutika na kwenye laptopu yangu nyumbani, kwa sababu kazi ya programu ile ni kufananisha pande zote. Bahati tuliwahi, ilikuwa bado kwenye pipa la taka, ambalo linashika vitu siku 30. Na matoleo ya nyuma ya faili la Excel nayo yanahifadhiwa siku 30 au matoleo 100, basi. Kosa ukiligundua baada ya likizo ndefu, hulikuti tena. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula nakopi folda nzima kwenye diski inayofungiwa kabatini.

Kijana wa Bandarini

Salaam kutoka Mombasa. Sisi kazi yetu ni makontena, kila mwezi una faili lake. Ofisi ilipohamia OneDrive, ile swichi ya "AutoSave" pale juu kushoto ikawa imewaka muda wote. Bi mkubwa wetu wa hesabu ana mazoea ya tangu zamani: anafungua faili la mwezi uliopita, anafuta namba, anaandika za mwezi mpya, halafu ndipo anaenda "Save As" kulipa jina jipya. Zamani hilo halikuwa na shida. Safari hii alipofika kwenye kulipa jina, mwezi uliopita ulishaandikwa juu, kwa sababu faili linajisevu lenyewe kila sekunde chache.

Tuliupata kwenye historia ya matoleo, alhamdulillahi. Sasa tuna faili tupu la kuanzia, tumelifanya la kusomwa tu, na mwezi mpya unaanzia kwenye kopi yake. Bi mkubwa mwenyewe ndiye anayewafundisha wageni hivyo.

Mama Kevo

Naomba kuuliza jamani. Mimi nauza mitumba, nina laptopu moja ya zamani, natumia LibreOffice, bando la kila siku siliwezi. Nifanyeje?

Mtunza Hazina

Karibu mama. LibreOffice nayo inayo: "Tools", "Options", "Load/Save", "General", tia tiki "Always create backup copy". Itaweka nakala yenye kiishio cha bak, nayo inakumbuka hatua moja tu kama ile ya Excel. Juu ya hiyo, kama ni Windows 8 au ya baada yake, nunua flashi moja ya GB 16 isiyofanya kazi nyingine yoyote, uiwashie "File History" iliyo ndani ya "Control Panel". Yenyewe inapita kila saa moja na kuchukua mafaili yaliyobadilika kwenye "Documents" na "Desktop", inatunza na ya zamani. Faili langu la kikoba halifiki nusu megabaiti, flashi hiyo inabeba nakala zake karibu 30,000. Huhitaji intaneti.

Duka la Dawa

Mama Kevo, fuata alichosema, ila flashi usiiache imechomekwa usiku na mchana. Sisi tulikuwa na diski ya nje imechomekwa nyuma ya kompyuta ya kaunta mwaka mzima, nakala zinaingia kila siku bila kosa. Mtu akafungua kiambatisho cha barua pepe kilichojifanya ankara. Asubuhi mafaili yote yana kiishio tusichokijua, na kuna karatasi kwenye skrini inadai malipo. Diski ya nje nayo hivyo hivyo, kwa sababu kwa kompyuta ile ilikuwa folda nyingine tu. Hatukulipa. Tulihesabu dawa upya rafu kwa rafu, na tarehe za kuisha muda tukazisoma boksi moja moja. Siku nne duka nusu limefungwa, na wagonjwa wa presha waliozoea kuchukua kwetu tukawaelekeza kwingine.

Leo tuna diski mbili. Jumatatu moja inatoka, nyingine inaingia. Inayotoka inalala nyumbani kwangu.

Mtunza Hazina, swali moja kwa nia njema. Hiyo D unayokopia nakala zako, ni diski nyingine au ni ile ile iliyogawanywa?

Mtunza Hazina

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kuangalia. Nilifungua "Disk Management": C na D zote ziko kwenye "Disk 0". Ni kitu kimoja kimekatwa vipande viwili. Nakala zangu 211, kila moja na tarehe na saa yake, na zote zingekufa siku moja pamoja na faili lenyewe, kama ilivyokuwa kwa ndugu wa Mwanza. Duka la Dawa, asante sana, umenisaidia mimi na watu 28.

Leo nimenunua flashi mbili. Makro nimeiacha pale D kwa ajili ya makosa ya mkono, na nimeongeza kazi ya "Task Scheduler" inayopeleka folda ya Nakala kwenye flashi kila Jumamosi saa 10 jioni, tukiwa bado kikaoni, tiki ya umeme nimeiondoa. Flashi moja inaondoka na katibu, wiki ijayo anairudisha anachukua nyingine.

Ya kwanza ameshaondoka nayo. Nilimwomba akifika kwake aifungue kwenye kompyuta ya mwanawe, asitazame jina la faili tu. Amenipigia saa mbili usiku. Tumesoma hisa za kila mwanachama, yeye kwake, mimi kwangu, kuanzia wa kwanza hadi wa 28. Zimelingana zote, na ya bibi tuliisoma mara mbili.