"Umelipia siti, hujalipia tairi": nimejibiwa hivi leo stendi!

Mama Siti Namba Tatu: Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Yule konda wa lile basi la kwenda Mbeya, jina sitaji, mnalijua wote. Tairi la mbele kushoto kipara, waya ziko nje, ukipitisha kidole unaondoka na kidonda. La mbele! Nyuma angalau yako mawili mawili, moja likipasuka jingine linabeba. La mbele likipasuka usukani unavutwa upande huo na basi linafuata. Namba za ubavuni 1114, yaani wiki ya 11 mwaka 2014. Mwanangu yuko darasa la tano, tairi ni kaka yake!

Nikamwonyesha konda. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, abiria wote wanasikia: "Mama, umelipia siti, hujalipia tairi."

Hujalipia tairi! Na mlima wa Kitonga uko mbele! Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na mtu ananiambia sijalipia tairi!

Kijukuu cha Chalinze: Picha iko wapi? Halafu ulishuka, au ulipanda ukatulia?

Mama Siti Namba Tatu: Nilishuka! Na nauli wamegoma kurudisha. Tairi sijalipia, siti nimelipia, mbona siti yangu wameondoka nayo?

Suka Mstaafu: Dada, tajiri hanunui tairi, anakwambia peleka likachongwe. Wanachimba mistari kwa kisu cha moto mpaka karibu na nyuzi, abiria anaona tairi lina kashata mpya. Ukikataa kuendesha, kesho funguo anazo mwingine.

Bima Ndogo: Mimi nilikuwa na bima kubwa kabisa. Mkaguzi akaangalia tairi, akaandika gari halikufaa kuwa barabarani. Sikulipwa hata mia.

Kobe wa Kibaha: Afadhali nyie. Mimi nilipigwa 30,000 kwa kukosa pembetatu. Tairi kipara limesimama pale pale, afande hakuinama.

Mdau wa Siti ya Nyuma: Tairi, tairi! Nani atasemea dakika tano za kuchimba dawa? Watu hamsini, kichaka kimoja!

Kijukuu cha Chalinze: HAPO SASA. Tena honi inapigwa hujamaliza kuchuchumaa.

Mama Siti Namba Tatu: Jamani, waya zilikuwa nje! Akasema sijalipia...

Kobe wa Kibaha: Tumeshasikia, mama. Mdau, kichaka gani hicho?

Mdau wa Siti ya Nyuma: Kile cha baada ya Mikumi.

Suka Mstaafu: Heri nyie mnaosimamishwa.