Mjadala: Filamu za kubuni zinapotuangusha, lawama iende kwa nani?

Mleta mada

Wanajamvi, naleta hoja ambayo huenda ikanigombanisha na baadhi yenu. Tumezoea kusema kwamba filamu fulani ya safari za anga, ya majoka na wachawi, au ya mapigano imetuangusha, na sababu tunazotoa huwa ni zilezile: fedha hazikutosha, picha za kompyuta zilionekana bandia, waigizaji hawakuimudu kazi. Mimi sikubaliani nazo. Nadai kwamba filamu ya namna hii humwangusha mtazamaji pale inapovunja sheria ambazo yenyewe ilijiwekea, na kwamba kosa hilo halifidiwi kwa fedha wala kwa ufundi.

Bibi akisema "Paukwa" nasi tukaitikia "Pakawa", tunakuwa tumekwisha kukubali kwamba Sungura atasema na Fisi atakwenda harusini. Hakuna mtoto aliyewahi kulipinga hilo. Lakini bibi huyohuyo akimaliza ngano kwa kusema kwamba Sungura alimkamata Simba mabegani akambwaga chini, watoto watalalamika, kwa maana Sungura hushinda kwa ujanja na si kwa misuli. Ndivyo ilivyo pia kwa Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yanatuambia kwamba hakuna silaha ya kumdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na ndiyo sababu usaliti wa mwanawe unatuuma hadi leo. Angekufa kwa mshale wa kawaida, kisa chote kingeporomoka.

Sasa itazameni Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya anga. Mwaka 1983, katika Return of the Jedi, Darth Vader, mtumishi wa Kaizari mwovu Palpatine, anamnyanyua bwana wake huyo na kumtupa shimoni ili amwokoe mwanawe mwenyewe, Luke, na anakilipia kitendo hicho kwa uhai wake. Filamu tatu zilikuwa zimejengwa kuifikia dakika ile. Mwaka 2019, katika The Rise of Skywalker, Palpatine yu hai, na maelezo ya jinsi alivyorudi hayazidi sentensi mbili tatu. Tangazo lake la kurudi, ambalo maandishi ya mwanzo wa filamu yanalitaja kama jambo lililosikika katika galaksi, halisikiki katika filamu yenyewe. Lilisikika siku chache kabla, ndani ya mchezo wa video wa Fortnite. Rey naye, shujaa wa filamu hizi mpya, ambaye katika ile ya 2017 aliambiwa kwamba wazazi wake walikuwa watu wasio na jina waliomuuza kwa pesa ya ulevi, anageuka kuwa mjukuu wa Palpatine. Sipingi wafu kurudi, maana ngano zetu zimejaa wafu wanaorudi. Ninachopinga ni kufutwa kwa dhabihu ya Vader kana kwamba haikumgharimu chochote.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ahsante mleta mada, ila naona umemsamehe mtazamaji mapema mno. Tarehe 25 Juni 1982 filamu mbili ziliingia katika majumba ya sinema ya Marekani siku moja: Blade Runner ya Ridley Scott na The Thing ya John Carpenter. Wiki mbili kabla yake ilikuwa imetoka E.T. ya Steven Spielberg, na watu walikuwa wamempenda kiumbe mpole anayetaka kurudi kwao. Wakaletewa jiji la mvua na giza katika filamu moja, na katika ile nyingine kiumbe anayeyavaa maumbo ya watu huko Antaktika. Zote mbili zilifanya vibaya sokoni, na wahakiki wengi waliziponda. Leo zinahesabiwa miongoni mwa kazi bora za aina yake, na Blade Runner imo tangu 1993 katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Filamu hizo hazikumwangusha mtu. Watazamaji ndio walioziangusha, kwa kuwa walikwenda na picha nyingine kichwani.

Naongeza jambo moja la kutuonya. The Phantom Menace, filamu ya kwanza ya Star Wars tangu ile ya 1983, ilipotoka mwaka 1999, watu waliokuwa wameisubiri kwa miaka 16 walitoka na hasira, na hasira hiyo ilimwangukia Ahmed Best, aliyemwigiza Jar Jar Binks, kiumbe wa kuchekesha katika filamu hiyo, ambaye baadaye alieleza hadharani kwamba chuki ile ilimfikisha hatua ya kufikiria kujiua. Walioitazama wakiwa watoto wa miaka minane leo ni watu wazima, na wengi wao wanaitetea filamu hiyo kwa moyo wote. Je, sheria ilivunjwa kwa baba na haikuvunjwa kwa mwana?

Mchangiaji kutoka Dodoma

Nitasema kwa ufupi. Katika kibanda cha video nilikokulia, sheria ilikuwa moja tu: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Siku aliyokufa, watu walidai warudishiwe viingilio vyao. Sheria hiyo haikuwekwa na filamu, bali tuliiweka sisi tuliokalia mabenchi. Sasa, ndugu mleta mada, filamu inayomuua steringi imevunja sheria ya nani?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mnajadili kana kwamba kuna mtu mmoja aliyekaa kitako akaamua kuiharibu hadithi. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachoziharibu filamu hizi ni kalenda. Studio hutangaza tarehe ya kuonyesha kabla hadithi haijaandikwa, kisha kila kitu kinaburutwa kuifikia tarehe hiyo.

Chukueni The Hobbit. Kitabu chenyewe, cha mwaka 1937, ni kisa cha watoto cha kurasa zipatazo 300. Guillermo del Toro aliyeandaliwa kuiongoza filamu aliondoka mwaka 2010 baada ya kuishughulikia kwa takriban miaka miwili, na Peter Jackson akaichukua kazi ambayo muda wake ulikuwa umekwisha kuliwa. Zilipangwa filamu mbili; mwishoni mwa Julai 2012, miezi isiyofika mitano kabla ya ile ya kwanza kutoka, ikatangazwa kwamba zitakuwa tatu. Jackson mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuna wakati alifika kazini bila michoro ya maandalizi na kubuni mambo hapohapo. Tena, kwa kuwa filamu ilipigwa kwa kamera za 3D, ule ujanja wa zamani wa kupanga waigizaji umbali tofauti ili mmoja aonekane jitu na mwingine mbilikimo haukufaa tena. Ian McKellen, mzee mwenye heshima zote za jukwaani aliyemwigiza mchawi mrefu Gandalf, aliwekwa peke yake katika chumba cha kijani, ambamo mandhari huongezwa baadaye kwa kompyuta, akizungumza na picha za wenzake, naye ameeleza kwamba alilia. Hata hivyo filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Kwa hesabu ya studio, hakuna aliyeangushwa.

Justice League ya mwaka 2017, filamu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ni kisa kingine. Mwongozaji wake, Zack Snyder, aliondoka baada ya msiba wa binti yake, Joss Whedon akaletwa kupiga matukio mapya, na Henry Cavill, aliyemwigiza Superman, akarudi akiwa na masharubu ambayo mkataba wa filamu nyingine haukumruhusu kuyanyoa. Mafundi wa kompyuta wakatakiwa kuyafuta, na matokeo yake kila mtu aliyaona mdomoni. (Nakiri kwamba nilicheka sinemani peke yangu mpaka jirani yangu akahama kiti.) Mafundi hao tunawatukana bure. Mwezi Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues ilishinda Oscar kwa picha zake katika Life of Pi ikiwa tayari imeomba kinga ya muflisi. Tukitaka kujua kwa nini picha za kompyuta zinaonekana za haraka, tuanzie hapo.

Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, nakubali kwamba kalenda ndiyo chanzo. Ila mtazamaji haioni kalenda; anaona inachofanya. Katika The Hobbit sheria ilikuwa kwamba mtu mdogo, mpenda chai na kiti chake, atawashinda wakubwa kwa vitendawili na kwa kujificha. Muda ulipokosekana na filamu zikaongezwa, Bilbo, ndiye huyo mtu mdogo, akasukumwa pembeni katika filamu ambayo jina lake linamtaja yeye, ili vita vipate nafasi. Huko ni kumfanya Sungura abwage watu miereka.

Kwa ndugu wa Dodoma: Liyongo ni steringi, naye anakufa, na sijasikia msikilizaji wa utenzi huo aliyedai chake. Watu wa kibandani kwenu, nadhani, walidai viingilio kwa sababu steringi alikufa bila filamu kuwaandaa kwa kifo hicho. Ikiwa aliandaliwa vyema na bado mkadai, basi umenishinda, na ningependa kujua ilikuwa filamu ipi.

Kwa ndugu wa Mombasa, mfano wako wa Blade Runner unanisaidia kuliko unavyodhani. Filamu iliyoonyeshwa 1982 si ile inayosifiwa leo. Hadithi inasema kwamba watu wa kuundwa wanaosimuliwa humo huishi miaka minne tu, na uchungu wote wa filamu unatoka hapo. Watayarishaji wakaingiwa na hofu, wakaongeza sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha: wapenzi wanapita kwenye milima ya kijani, kwa picha zilizobaki kutoka The Shining ya Stanley Kubrick, huku msimulizi akituambia kwamba Rachael, mmoja wa wapenzi hao na yeye mwenyewe mtu wa kuundwa, hana kikomo cha umri. Sheria ya miaka minne ikavunjwa dakika ya mwisho. Toleo la 1992 liliviondoa vyote viwili, na hadhi ya filamu ikazidi kupanda.

The Thing, hata hivyo, haikuongezewa wala kupunguziwa kitu. Ni filamu ileile, shoti kwa shoti, iliyochukiwa 1982 na inayopendwa sasa, na haikuvunja sheria yake hata moja. Hiyo sina jibu lake. Aliye nalo alilete.