Wenye kumbi Nairobi, sinema bubu si takataka ya kujazia Jumatano!

Wadau, uzi huu ni wa hasira na sitauzimua.

Hizi hafla za sinema bubu zinazochipuka kila kona, kuanzia Westlands hadi katikati ya jiji, zinatubeba ufala. Tiketi ni mia tano, kwingine hata elfu moja, na unachoonyeshwa ni faili ya bure iliyovutwa mtandaoni ikachomekwa kwenye projekta bila mtu kuikagua hata dakika mbili. Watu wanacheka mahali pa kulia, kisha wanatoka wakisema wazee wa zamani walitembea kama kuku. Wapi! Filamu inaendeshwa kwa kasi mno. Kuku ni wa mwenye laptopu.

Kamera nyingi za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, fremu (yaani picha moja moja) 16, 18, 20 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi. 24 ilikuja kuwa kanuni sauti ilipoingia kwenye ukanda wa filamu, mwishoni mwa miaka ya 1920. Filamu iliyopigwa kwa 16 ukiiendesha kwa 24, saa nzima inageuka dakika 40. Piga hesabu: futi 1,000 za ukanda wa milimita 35 zina fremu 16,000. Kwa kasi ya 16 hizo ni dakika 16 na sekunde 40. Kwa 24 ni dakika 11 na sekunde 7.

Kujua kama faili yako ni mbovu, usitazame waigizaji, tazama maji na moshi. Maji hayaigizi. Yakimwagika kana kwamba yanafukuzwa, kuna shida. Kisha fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, simamisha picha, ubonyeze E fremu moja moja. Ukiona kila fremu ya pili inajirudia, aliyeihamisha kutoka 16 alijua kazi yake. Ikijirudia kila ya tatu, ilitoka 18. Hiyo iacheni kama ilivyo. Faili ikiwa ya 24, hakuna fremu inayojirudia na watu wanakimbizana, shusha kasi hadi 0.67 (iliyopigwa kwa 16) au 0.75 (kwa 18), zima sauti kwa herufi M, muziki utoke kwingine. Lakini msianze sasa kupunguza kila kitu! "City Lights" ya 1931 na "Modern Times" ya 1936 zilitoka na muziki wake kwenye ukanda, kwa hiyo ni 24 bila mjadala. Na vichekesho vingi vya studio ya Keystone viliharakishwa makusudi.

Kinachoniudhi kupita vyote ni "Nosferatu", filamu ya kutisha ya mwongozaji Murnau, 1922, inayoletwa kila Oktoba ikiwa nyeusi na nyeupe kavu. Matukio yake ya usiku yalipigwa mchana, halafu nakala zikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue kumekucha au kumekuchwa. Toa hiyo buluu uone: Orlok, yule mnyonya damu, anakatiza mjini jua likiwaka, jeneza lake kwapani, wala hana wasiwasi. Mwishoni miale ya alfajiri inamuua. Mtazamaji ana haki ya kuuliza, si alikuwa juani tangu saa ile? Hadithi yote imekufa kwa sababu mtu alichukua faili ya kwanza aliyoiona. Nakala iliyorekebishwa, yenye rangi, ni ya kama dakika 94. Yako ikiwa ya sitini na kitu, irudishe ulikoitoa.

Umbo la picha nalo. Hizi ni 4:3, upana nne kwa kimo tatu. Ukiivuta ijaze skrini ya 16:9, kila mtu ananenepa kwa theluthi. Ukiikata, unatupa robo ya kimo, na mchekeshaji Buster Keaton bila miguu ni nini? Weka projekta kwenye 4:3, weusi ubaki kando kando. Kwenye VLC ni herufi A. Sekunde tano.

Muziki sitausemea sana. Amapiano juu ya maombolezo, hapana. Mpiga nyatiti anayeitazama skrini ni bora mara kumi kuliko orodha ya nyimbo inayojichezea yenyewe.

NYONGEZA: Anayesema hapo chini kwamba kadi za maandishi, zile za maneno zinazokatiza picha, zinawachosha watu wetu, wekeni msimulizi. Japani walikuwa na benshi, anasimama kando ya skrini akisimulia na kuigiza sauti zote, na watu walilipa kwa ajili yake. Sisi tuna maDJ wa kutafsiri filamu vibandani, wamebobea, na hamjawapigia hata simu. Mpe filamu siku tatu kabla, atazame mara mbili, aandikiwe tafsiri ya kadi zote, na apewe maiki inayofanya kazi.

Na kwenye bango la hafla ijayo, kabla hamjataja bei, andikeni: nakala ya dakika ngapi, ina rangi au haina, nani anapiga muziki.