Mjadala: Kufunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, dagaa wanaongezeka au tunaahirisha tu?

Mwalo wa Kaskazini (mwanzisha mada)
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na wenzetu watatu tunaoligawana ziwa: Kongo, Burundi na Zambia. Serikali inasema dagaa na migebuka (samaki wakubwa wanaowala dagaa) wamepungua, wapewe nafasi wazaliane. Mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, kuanzia Kibirizi kule Kigoma hadi Kasanga kule Rukwa inasema njaa. Naona pande zote mbili zinapita pembeni ya swali lenyewe: kwa samaki huyu tuliye naye, miezi mitatu inatosha? Na kwa nini iwe hiyo na si mingine? Leteni hoja zenye vipimo. "Serikali haitujali" na "wavuvi ni wakaidi" tumeshazisikia za kutosha.

Jicho la Nyavu
Mimi naunga mkono kufunga, na sababu yangu ni umri wa dagaa. Dagaa wa Kigoma anaishi takriban mwaka mmoja tu, na urefu wake ukubwani ni kama sentimita 10. Anaanza kutaga akikaribia sentimita 7. Maana yake yule wa sentimita 4 au 5 aliyeko majini katikati ya Mei, akiachwa, Agosti inamkuta ameshaingia kwenye kuzaa au yuko mlangoni. Ukimvua Juni umemvua kabla hajaacha mtoto. Ni samaki wachache ambao mapumziko mafupi hivi yanaweza kuwafaa.

Migebuka ni habari nyingine, na hapa Serikali inachanganya mambo. Mgebuka haanzi kuzaa ndani ya mwaka wake wa kwanza, kwa hiyo miezi mitatu haimvushi. Kinachommaliza ni kuvuliwa akiwa mdogo ndani ya nyavu za dagaa na kwenye makokoro ya ufukweni. Ukitaka kumwokoa mgebuka, simamia ukubwa wa jicho (tundu) la wavu mwaka mzima.

Na jicho lipimwe vizuri, maana ugomvi mwingi wa mwaloni unaanzia hapo. Wavu ulowe kwanza. Vuta macho 10 mfululizo yakiwa yamenyooka, pima kutoka fundo la kwanza hadi la mwisho, gawa kwa 10. Anayepima jicho moja la wavu mkavu kwa rula anaweza kukosea milimita nzima, na kwa wavu wa dagaa milimita moja ndiyo kesi yenyewe. Halafu akague kama wavu umewekwa tabaka mbili. Wavu halali juu ya wavu halali, macho yakipishana, unakamata kama wavu haramu.

Giza Totoro
Mkuu Jicho, hesabu yako ya umri iko sawa, ila umeacha nusu ya habari. Dagaa asiyevuliwa si lazima aishi. Wengi wanaliwa na migebuka, wengine wanakufa kwa uzee, ndio mwaka wao. Huyu si ng'ombe kwamba usipomchinja leo kesho yupo.

Pili, ziwa hili linalishwa kutoka chini. Ni refu kilomita 670 na ushee, na kina chake kinafika karibu mita 1,470, lakini chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni. Rutuba imelala huko chini. Kinachoipandisha ni upepo wa kusini unaovuma Mei hadi Septemba: unayasukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi yenye rutuba yanapanda upande wa kusini, Mpulungu ya Zambia na Kasanga. Upepo ukikatika, maji yanarudi yakiyumba, na upande wa kaskazini nao unapata zamu yake kuelekea Oktoba na Novemba. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki tena kirahisi na ya chini. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani umepungua kwa kama asilimia 20, na samaki huenda kwa asilimia 30. Mwingine wa 2016, uliochimba matope ya sakafu ya ziwa, ulionyesha mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza.

Sisemi uvuvi hauna lawama. Nasema mvuvi anatozwa faini ya joto ambalo hakuliwasha.

Tatu, usiku wa kazi. Watu wanadhani tunavua siku 30 kwa mwezi. Kipe ni mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawaka, dagaa wanakusanyika, wavu unavutwa juu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, kwa hiyo kama siku 7 hadi 10 kila mwezi vipe vinalala. Siku 92 za kufunga toa mbalamwezi tatu, unabaki na usiku 65 hivi, na kati ya hizo kuna za upepo mkali zisizoingilika. Basi ulichookoa hasa ni kama usiku 50 wa uvuvi. Tarehe 16 Agosti kila chombo kinaingia kwa mpigo, na wengine wameongeza taa. Ziada yote inaweza kutoka ndani ya giza mbili, yaani vipindi viwili visivyo na mbalamwezi.

Chanja Juu
Samahanini kaka zangu, mnazungumza kama dagaa akifika mwaloni safari imeisha. Mei hadi Agosti ndicho kiangazi. Ndicho kipindi ambacho dagaa anakauka inavyotakiwa.

Dagaa mbichi ni maji kama robo tatu ya uzito wake. Kilo tatu na nusu mbichi zinakupa kilo moja kavu. Kiangazi, juu ya chanja ya wavu iliyoinuliwa kama mita moja, hewa inapita juu na chini, ukimwaga asubuhi tabaka jembamba na kumgeuza mara mbili tatu, jioni anakaribia. Kesho yake mchana unafunga gunia. Masika yuleyule anakaa siku tatu. Mvua ikimkuta nusu mkavu anabadilika rangi, anakuwa mwekundu, tumbo linapasuka, kichwa kinadondoka, na huyo bei yake ni ya chakula cha kuku. Waliomwaga juu ya mchanga ndio wanaumia zaidi, maana mchanga uliolowa hauachi dagaa hata ukipepeta mara ngapi.

Kwa hiyo mnafunga ziwa wakati jua lipo, mnafungua katikati ya Agosti, na mvua zinaanza Oktoba. Dagaa wengi zaidi wanaingia wakati wa kuoza kwingi zaidi. Kuna mtu amepiga hesabu ya wanaotupwa mwaloni? Kilo iliyooza juu ya mchanga ilikuwa samaki pia.

Na wale wanaotuambia "wekeni akiba kabla ya kufunga": akiba inawezekana, lakini dagaa awe mkavu wa kuvunjika katikati kwa sauti, si wa kupinda. Gunia likae juu ya kichaga, mbali na ukuta, siyo chini ya bati linalounguza. Huyu dagaa ana mafuta. Akikaa kwenye joto anageuka njano na kuwa mchungu hata kama hajaingiliwa na wadudu. Tena akiba inataka mtaji, na mtaji wa wengi wetu ni mkopo wenye rejesho la kila wiki. Ziwa linafungwa, rejesho halifungwi.

Kalafati
Naongeza jambo ambalo halizungumzwi na linaua mitaji: chombo kikikaa nchi kavu miezi mitatu ya kiangazi, kinaharibika.

Mbao zinasinyaa, pamba ya kalafati, inayoziba mishono ya mbao, inalegea na kudondoka. Agosti ukishusha mtumbwi unajaa maji kabla hujapiga kasia kumi. Dawa yake: usiuache jua kali, uegemeze kwenye magogo usiguse mchanga, ufunike kwa makuti, na mwagia maji ndani kila baada ya siku chache. Wiki moja kabla ya kufunguliwa uchungulie kila mshono, toa pamba iliyooza, piga mpya, kisha uzamishe majini siku mbili mbao zivimbe ndipo ufunge mashine.

Mashine: maliza petroli yote kwenye kabureta kabla ya kuihifadhi. Iliyochanganywa na oili ikikaa inaacha uchafu mzito wa kunata unaoziba matundu. Betri za taa za sola, zile za maji, zichajiwe angalau mara moja kwa mwezi, la sivyo hazirudi tena. Wavu ufuliwe, ukaushwe kivulini kwa sababu jua linadhoofisha nailoni, utundikwe mbali na panya.

Kwenye hoja yenyewe siko upande wowote, ila anayesema kufunga hakuna gharama hajawahi kununua betri.

Mwalo wa Kaskazini
Asanteni. Giza Totoro, umesema rutuba inapanda kusini kuanzia Mei na kaskazini kuelekea Oktoba. Basi kwa nini tarehe moja ziwa zima? Rukwa na Katavi wawe na kalenda yao, Kigoma yetu.

Jicho la Nyavu
Kwa samaki ni hoja nzuri, kwa usimamizi ni balaa. Kigoma ikifungwa na Kirando kule Rukwa ikiwa wazi, dagaa wote watakaokamatwa barabarani watakuwa "wa Kirando". Huwezi kumtambua dagaa kwa sura ametoka mwalo gani. Na tusisahau Kongo peke yake ina takriban asilimia 45 ya ziwa, sisi 41. Tarehe moja kwa nchi nne ndiyo pekee ambayo doria ndogo inaweza kuisimamia: ukikuta taa majini usiku, hujiulizi maswali.

Ila nakubali kwa Giza kwenye jambo moja. Kufunga bila kupunguza idadi ya vyombo na taa siku ya kufungua ni kuchota maji kwa pakacha. Leseni za vipe ziwe na kikomo kwa kila mwalo.

Giza Totoro
Kikomo nani atakisimamia? BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, haina mafuta ya boti ya doria. Na kikomo kikija, kitamkata mwenye kipe kimoja kabla ya mwenye kumi. Mimi ningeanza na taa kwa kila chombo, zinahesabika kwa macho ukiwa umesimama ufukweni.

Chanja Juu
Mimi naomba kimoja kabla ya kufunga tena. Kila mwalo mkubwa, wiki mbili kabla ya kufunga na wiki nane baada ya kufungua, ichukuliwe bakuli moja ya dagaa kwa kila kipe cha tano kinachotia nanga, wapimwe urefu mmoja mmoja, ihesabiwe na idadi ya ndoo kwa usiku. Mwili mkubwa na ndoo nyingi zinazodumu wiki zote nane, Jicho kashinda. Ndoo nyingi wiki mbili halafu tumerudi palepale, Giza kashinda. Karatasi ibandikwe mwaloni tuisome wote, isiende kukaa ofisini. Kazi hiyo wanawake wa chanja wanaweza kuifanya, dagaa tunawashika sisi kila asubuhi.

Jicho la Nyavu
Dada, hilo naliunga mkono. Ongeza safu ya tatu: migebuka wadogo waliomo ndani ya hilo bakuli.