Mbunge wetu anachangia kweli bungeni au tunalishwa klipu tu?

Kijana wa Makambako
Kamwene wakuu. Kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu kila wiki tunarushiwa klipu ya mbunge anaunguruma kuhusu mbolea, dakika moja hivi, watu wanamwaga makofi. Sasa mi nataka kujua zaidi ya hapo, tangu bunge la bajeti lianze Aprili kasimama mara ngapi, kauliza nini na serikali ilimjibuje? Kuna pa kuangalia au nisubiri mpaka aje na tisheti?

Igurusi Kwetu
Papo mkuu. Ingia tovuti ya Bunge, mbunge ana ukurasa wake, utaona maswali ya msingi, ya nyongeza na michango. Hansard nazo zimo, yale maandishi rasmi ya kila kilichosemwa bungeni, PDF ndefu balaa andaa bando, we tafuta jina lake tu. Ila idadi isikuzuzue, kuna mtu michango kibao ukifungua anamshukuru Mungu, Rais, waziri, naibu, katibu mkuu, mke na watoto, akija kugusa barabara ya kwao kengele hiyo, "naunga mkono hoja", kakaa.

Mama Parachichi
Igurusi umesema kweli tupu 😂 Mi kwa upande wangu naangalia anafanya nini akishajibiwa. Akiuliza lami akaambiwa "serikali inaendelea kutafuta fedha" halafu swali la nyongeza anaomba waziri aje kutembelea jimbo, hapo hamna kitu. Angalia bajeti ya wizara inapopitishwa kwenye Kamati ya Matumizi, pale ndo mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia usipite, mpaka apewe maelezo ya kueleweka, na wengi wakishaahidiwa kidogo tu wanairudisha fasta.

Mwanjelwa Sokoni
Mbona sisi Mbeya Mjini ukihesabu michango utapotea kabisa, maana mbunge wetu Tulia Ackson alivyokuwa Spika Februari 2022 mpaka bunge lile linaisha kazi yake ilikuwa kuendesha kikao, Spika hasimami kuchangia kama wengine. Huwezi kusema jimbo halikuwa na mtu. Na haya mambo ya klipu mi nailaumu 2016, TBC walivyoacha kurusha bunge zima laivu ndo tukazoea vipande.

Kijana wa Makambako
Asanteni wakuu, mama shikamoo. Nimeipata ile ya mbolea, kauliza kweli na kauliza vizuri. Tatizo klipu imekatwa pale pale naibu waziri anapoinuka, kumbe alimjibu kwamba ruzuku ni kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo, na huku kwetu nusu ya watu hawajajiandikisha wanasubiri mbunge apambane!!

Mama Parachichi
Marahaba mwanangu. Sasa hilo jibu litupie grupuni walione, msimu hausubiri mtu.

Kijana wa Makambako
Nishalitupia mama. Admin kalifuta.