Mrejesho: Kusanifu vipuri vya ndege kwa kompyuta nikiwa Dodoma

Wakuu, habari za siku. Mtakumbuka niliuliza kama mhitimu wa uhandisi mitambo aliyeko Dodoma anaweza kuingia kwenye usanifu wa ndege. Wengi mlisema: jifunze CATIA (programu ya kusanifu kwa kompyuta), na vipimo kwanza, urembo baadaye.

CATIA ni ya Dassault Systèmes ya Ufaransa, Airbus na Boeing wanaitumia, ila bei ya leseni haishikiki. Nimeanzia FreeCAD, ya bure. Zoezi langu ni kishikilio cha bomba, cha bati la alumini. Umbo unalichora chap. Kinachokula usiku ni matundu ya ribiti (pini za kuunganishia bati): kitovu cha tundu kikae mbali na ukingo angalau mara 2 ya kipenyo cha ribiti, la sivyo bati linachanika. Ukihamisha tundu moja, kona inabadilika, uzito nao unapanda.

Aliyenionya kuhusu matoleo ya programu, heshima yako mkuu. Nimesoma habari za A380, ndege kubwa ya Airbus: wahandisi wake wa Hamburg walitumia CATIA 4, wa Toulouse CATIA 5, michoro haikuoana, nyaya zikafika fupi na ndege ikachelewa.

Ajira ya ndege bado. Miradi mingi ya Marekani inayoguswa na sheria zao za teknolojia ya ulinzi inataka raia au wakazi wa kudumu, hivyo nimegeukia Ulaya. Kwa sasa namchorea fundi mmoja wa hapa vipuri vya mashine za kukamua alizeti. Analipa, tena kwa wakati!

Mwenye kujua wanaopokea wa mafunzo kwa vitendo, naomba anistue.