Mada: Je, walezi wa vituo vya mchana waandike wanachokiona kwa kila mtoto?

Mchangiaji aliyetangulia anadai kwamba kumtaka mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana aandike daftarini anachokiona kwa kila mtoto ni kumgeuza karani, na kwamba maandishi hayo yatawabandika watoto majina watakayokwenda nayo hadi darasa la kwanza. Hofu ya pili naiheshimu. Ya kwanza siikubali.

Mlezi mwenye watoto kumi na watano katika chumba kimoja Mbagala humwona anayelia, anayeng'ata wenzake na anayechezea soketi. Aliyetulia pembeni huitwa mtoto mzuri, na siku inakwisha bila mtu kusema naye. Daftari humlazimu mlezi, walau mara moja kwa wiki, kumtazama na huyo aliyenyamaza: amwite kwa jina aone kama anageuka, kama anafuata kidole kinachoelekezwa, kama humwonyesha mtu kitu kilichomfurahisha. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kusifiwa utulivu mwaka mzima, na kwangu hiyo ni dhuluma.

Kinachoandikwa kiwe tendo, si hukumu. "Ameshika kiti, amesimama, amekaa tena" humsaidia mzazi. "Mzito" halimsaidii yeyote. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya takribani miezi 8 na 18, kwa hiyo wa miezi 14 anayetambaa bado, ambaye nyumbani hushinda mgongoni kwa kuwa chumba cha kupanga hakina mahali pa kuchezea, hastahili kuitwa mvivu. Vivyo hivyo, wa miaka miwili huweza kuandikwa "haongei" katika kituo kinachotumia Kiingereza, ilhali kwao Mikocheni humsimulia bibi yake kila kitu kwa Kiswahili. Mlezi asiyemuuliza mama wa mtoto ameona nusu tu.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kuziona ishara za mtoto na kuzijibu, sambamba na afya na lishe. Nakubali kwamba idadi ya watoto kwa kila mlezi lazima ipungue, la sivyo daftari litajazwa kwa kubuni.

Lakini wanaopinga wanijibu: mlezi akiacha kazi mwezi ujao, kama wanavyoacha wengi kwa ujira tunaowalipa, anayempokea atajuaje kwamba yule mtulivu wa pembeni hajawahi kugeuka alipoitwa?